Ombi la Kuingiza Lugha ya Violezo katika Mazungumzo ya Mahari

Jumeirah Lake Towers, Dubai
Alhamisi

Kwa Mjomba Protas,
Kiongozi wa Wazee wa Upande Wangu,
Al Garhoud.

Mjomba mpendwa,

KUH: KIPENGELE KIMOJA CHA KUONGEZWA JUMAMOSI

Nakusalimu kwa heshima. Najua hoteli yenu imejaa wageni, kwa hivyo nitajitahidi nisikuchoshe.

Keshokutwa wewe na wazee mtakwenda Al Nahda, kwa Shangazi Metrine, kuniposea mpwa wake Teresiah. Nashukuru sana. Naomba tu kwamba kabla mbuzi wa kwanza hajatajwa, mmalize suala la lugha ya violezo.

Kama ujuavyo, mimi na Teresiah tunatengeneza tovuti za hoteli katika ofisi moja, pamoja na Ronnie wa Uganda. Kiolezo ni ukurasa ulioachwa nafasi wazi, na lugha ya violezo ndiyo huiambia kompyuta nafasi hii ijazwe jina la mgeni, na ile bei ya chumba. Timu nzima hutumia lugha moja. Mimi nataka ile inayojaza nafasi na kunyamaza. Teresiah anataka ile inayomruhusu mtu kupiga hesabu na kuweka masharti humo humo ndani ya ukurasa. Mkubwa wetu, Madam Hala, alituambia, "Yalla, si mnaoana? Kubalianeni, khalas," yaani haya, yaishe. Ronnie amekataa kupiga kura. Anasema bado angependa kualikwa harusini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Teresiah aliniita mshamba mbele ya watu. Neno lenyewe hakulitamka. Alisema lugha yangu "ni nzuri kwa wanaoanza". Ronnie alicheka mpaka akatoka nje.

2. Anayechanganya mambo kazini atayachanganya na nyumbani. Nilikagua kabati la jikoni anakoishi na shangazi yake, nikakuta sukari kwenye mkebe wa majani chai, na majani chai kwenye mkebe wa kahawa. Kahawa sikuipata.

3. Lugha yake inapenda masharti: kama mgeni amelipa, onyesha hiki, kama hajalipa, ficha kile. Juzi aliniambia kama nitaendelea kuzungumzia violezo mezani, basi nile peke yangu. Unaona, Mjomba, jinsi lugha inavyomwingia mtu.

4. Watoto. Tukijaliwa kuwapata, watalelewa katika lugha ipi? Nilimwuliza hayo kwa upole tukiwa kwenye metro, akashuka kituo kisicho chake.

Kwa hivyo naomba wazee wadai kwamba kuanzia Jumamosi Teresiah atatumia lugha yangu, kazini na nyumbani, na Shangazi Metrine atie sahihi kama shahidi. Wakikataa, muinuke bila kula. Najua kutakuwa na chapati. Inukeni hivyo hivyo.

Nisalimie mke wako, binamu yangu Shem, na wote wa jikoni hotelini. Mwambie Shem asilegeze uso wakati wa mazungumzo.

Ni mimi mpwa wako nisiyeyumba,
Naftali

Nyongeza: Mjomba, kabla sijaituma barua hii, Teresiah amekuja mezani kwangu akasema, "Sawa, Naftali. Tutumie yako." Hakubishana. Nikamwuliza kama sasa ameona ubaya wa kuweka hesabu ndani ya kurasa. Akasema sawa. Nikamwuliza kama twende nyumbani pamoja. Akasema sawa, kisha akaondoka na basi, peke yake. Nimemwandikia kuhusu Jumamosi, naye amejibu neno hilo hilo.

Tangu tujuane hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu chumvi, na ndiyo sababu nataka kumwoa. Naogopa, Mjomba. Ningeandika barua upya, lakini afadhali uisome ilivyo, ujue Jumamosi utamwombea msamaha kwa Teresiah mtu wa aina gani. Futa madai yote. Nimemwambia Madam Hala tutumie lugha ya Teresiah, na nimeanza kujifunza. Ni ngumu, na inafanya kazi vizuri.

Nina ombi moja tu. Jumamosi mtakapomwuliza mbele ya wote kama ananitaka, akijibu "sawa", msilipokee jibu hilo. Kaeni hapo hapo mpaka aseme ndiyo.