Kigingi Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi ya ukungu. Hakuna upepo, majani hayatikisiki.

Kazi ya kufufua mfereji wa kale imeanza. Mimi ni katibu wa kamati, kwa hiyo daftari la vigingi liko mikononi mwangu. Mpima amepigilia vigingi ishirini na viwili kufuata njia ya zamani ya maji, kila kimoja na namba nyekundu. Nimeandika kila kimoja kiko hatua ngapi kutoka ukuta wa nani. Maji yakishuka hadi bustani za bondeni, wanawake wa kule wataacha kupanda na ndoo hadi kisimani. Naunga mkono kwa moyo wote.

Tatizo ni moja. Kigingi namba kumi na nne, zitakapojengwa ngazi za kuchotea maji, kiko nyuma ya nyumba ya wifi. Hatua kumi na saba kutoka ukuta wa jiko langu. Na kamati ilishaamua, niliandika mwenyewe, kwamba mwenye ua wa ngazi ndiye atakayeshika ufunguo wa lango la maji.

Wifi ashike ufunguo. Mtu asiyejua hata kifuniko cha chupa yake ya chai kiliko.

Amenikuta kisimani akaniuliza, wifi yangu kipenzi, kwangu utakuwa unakuja na ndoo ngapi? Nimecheka. Meno tu.

Jumanne, 5 Machi. Ukungu tena, mzito zaidi.

Mpango umetekelezwa. Saa sita na nusu vibarua hula, kisha hulala chini ya lori, kofia usoni. Mchana mweupe, nani atamshuku katibu mwenye daftari? Nimeng'oa namba kumi na nne, nimeisogeza hatua kumi na mbili upande wangu, nimeigonga kwa mchi. Vigingi vya jirani nimevisogeza kidogo ili mstari usipinde kama mkia wa mbwa. Daftari nimelirekebisha: hatua tano kutoka ukuta wangu.

Naandika na hili, kwa ajili ya ukweli. Shimo la zamani lilikuwa kavu. Shimo jipya lilitoa maji, kidogo, baridi kama ya mtungini. Mvua hatujaiona wiki saba.

Jumatano, 6 Machi. Ukungu hadi saa tatu.

Kigingi kiko hatua tatu kutoka ukuta. Nilikiacha tano. Wifi huyo, anataka nigundulike. Nimempelekea bakuli la maharage ili nimchunguze. Viatu vikavu, mikono safi. Ameniuliza nanyemelea nini kama paka aliyenusa samaki. Nimeaga.

Nyumbani nimefungua daftari. Limeandikwa hatua 3. Wino wangu, mwandiko wangu, hata ile 3 yangu yenye mkia. Sikumbuki kuiandika.

Mama mkwe, ambaye hasikii mlango hata ukigongwa kwa nyundo, amelalamika kwamba maji yanayopita chini ya nyumba yanampigia kelele. Mume wangu amesema ni uzee.

Alhamisi, 7 Machi. Hakuna ukungu. Joto la kukaba.

Kigingi kimegusa ukuta. Saa sita na nusu nimekirudisha mahali pake, hatua tano. Kimetoka kwa shida kama jino, kimelowa hadi kwenye namba. Kisha nimekaa dirishani kukilinda, na ungo wa mchele mapajani. Sikusinzia. Niliinama mara moja kuokota punje. Nilipoinuka kilikuwa ukutani. Uani hapakuwa na mtu. Kuku wote walikuwa wamesimama, wametazama upande mmoja.

Nimemwambia mume wangu kwamba dada yake ananichezea. Amejibu damu nzito kuliko maji. Nimemwambia hajayaona maji yenyewe.

Ijumaa, 8 Machi. Mawingu mepesi.

Kigingi kiko jikoni. Kati ya meko na mtungi, kimesimama wima kwenye saruji, na saruji haina ufa. Daftarini kuna neno moja, kwa mwandiko wangu: Ndani.

Nilikuwa nakifunika kwa ndoo mpima alipopiga hodi. Ndoo haikutosha. Ameniuliza kama daftari liko sahihi. Ningesema kweli papo hapo, nyumba ingepona. Lakini wifi alikuwa nyuma yake, amejishika kiuno, anatabasamu. Nimesema daftari langu halijawahi kukosea.

Ameita vibarua. Chini ya saruji wamekuta ngazi za mawe, tisa, zimelika katikati kwa miguu ya watu, zinashukia chini ya chumba chetu cha kulala. Kwenye ngazi ya mwisho, maji safi. Mume wangu ameinamisha kichwa, akasema aliwahi kusikia kuwa babu yake alifukia mfereji apate kiwanja. Miaka kumi na tisa ya ndoa, leo ndiyo anakumbuka.

Juu ya ngazi kulikuwa na nyayo mbichi. Zinapanda. Zimeishia chini ya kigingi. Ni ndogo kuliko zangu, kubwa kuliko za wifi. Nimempima.

Mpima amenipa mkono mbele ya kamati. Amesema mstari wake ulikuwa na kosa, katibu ameuokoa. Nyumba itabomolewa, tutajengewa nyingine karibu na kigingi namba kumi na saba.

Jumapili, 10 Machi. Jua kali, anga tupu.

Nyumba imelala chini. Usiku wa jana sikufumba macho, tulikuwa tunahamisha vyombo. Leo saa nne asubuhi maji yamefika bondeni. Wanawake wamepiga vigelegele, mmoja amekaa mferejini na nguo zake zote. Hata mimi machozi yalinilenga.

Kisha kamati imesoma azimio. Kwa kuwa ngazi hazina tena ua, ufunguo anapewa mwenye ua wa jirani. Wifi.

Ametupa chumba chake cha nyuma, mashuka masafi na sabuni mpya. Amesema, wifi, jisikie kwako, huku maji hayana shida. Ufunguo ameuning'iniza shingoni.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa hatua. Kumi na mbili zilikuwa nyingi mno. Kamati inataka ngazi za pili kwenye kigingi namba kumi na saba, nacho kiko jirani kabisa na kiwanja chetu kipya. Saa sita na nusu vibarua walilala chini ya lori kama kawaida. Nimekisogeza hatua mbili tu upande wetu. Daftari nimelirekebisha.

Mama mkwe ameniita kitandani kwake kuniambia kwamba yale maji nayo yamehama, tumekuja nayo.

Nimelala kwenye godoro la sakafuni saa nane na robo mchana, miguu juu ya mto, kwa sababu sakafu ilikuwa imeanza kulowa.