Mchukulie Mwenzako Magunia Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza! Ubao umekauka, kadi zimekauka, kidole gumba changu bado chekundu. Mchezo unaitwa GHALA. Kila mchezaji ana ghala lake, magunia ni vifungo vya shati (kwa hisani ya shemeji, fundi cherehani), na wa kwanza kufikisha magunia ishirini ndiye mshindi. Rahisi. Lakini ndani nimetia sumu. Mchezaji mmoja anapewa kwa siri kadi ya MWIZI. Halafu kuna kadi kumi zinazosema MCHUKULIE MWENZAKO MAGUNIA MAWILI. Hapo ndipo undugu utakapokwisha.

Nimempelekea Miwani, mwenye mashine ya kuchapa. Akaugeuza ubao, akaunusa. Akasema atakuja Jumamosi saa kumi auone ukichezwa. Mchezo usiogombanisha watu, kasema, haununuliwi. Akiona tunatazamana kwa jicho la pembeni, atachapa mia moja, na jina langu juu ya boksi. Jina langu! Mimi mchora mabango, miaka kumi na tisa naandika majina ya wengine ukutani.

Tatizo ni moja tu: familia yangu. Wanapendana. Ni ugonjwa. Wape chungwa moja, watabembelezana mpaka lioze.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Tumecheza wanne: mimi, mke wangu, shemeji ambaye ni kaka yake, na mama mkwe, anayeishi nasi. Kadi ya MWIZI ikamwangukia mama mkwe. Akaiinua juu tuione sote. Akatangaza kwamba mwizi ni yeye, watu wasijisumbue kutafuta.

Tukaendelea. Shemeji akachota kadi ya MCHUKULIE. Nikakaa vizuri nishuhudie unyama. Akachukua magunia mawili kutoka ghala kuu katikati ya ubao, akamwekea mama yake. Wakampigia makofi!

Nikawaeleza kwa upole (mke wangu anadai nilipiga kelele) kwamba hapo maana yake ni kupora. Unamchukulia mtu, yaani yeye anabaki hana, na Miwani asipoona ugomvi hachapi! Mama mkwe akaniuliza, mbona jana aliponiambia nimchukulie ndoo yake bombani sikutoroka nayo? Shemeji akalaza uso mezani, mabega yakawa yanamtikisika.

Sibadilishi neno. Mimi sijawahi kurudia bango hata moja. Hata lile la KINYONGA WA KISASA. Kinyozi mwenyewe ameshazoea.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya. Kama kadi haziwagombanishi, nitawagombanisha kwa mdomo. Asubuhi nilimnong'oneza mke wangu kwamba kaka yake huficha vifungo kwenye mkono wa shati. Jioni, kabla hatujaanza, akamshika mkono, akaukagua. Nikasugua viganja. Kumbe aliona mshono umefumuka. Akamvua shati, akamshonea. Fundi cherehani anashonewa shati! Shemeji aliguswa, nusura alie.

Nikamgeukia yeye. Nikampenyezea kwamba dada yake anasema ni mzito wa akili mchezoni. Akafikiri. Akasema ni kweli kabisa, akaenda kumwomba dada yake amfundishe.

Mama mkwe kashinda. Mimi wa mwisho. Nimepanda fitina kwenye saruji.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilitumia akili. Mama mkwe alipokwenda kuepua chai, nilimchomolea magunia matano, yakaingia mfukoni mwangu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: atarudi, ataona pengo, atamtuhumu mwanawe, moto utawaka.

Akarudi. Akaona pengo. Akasema labda panya.

Basi wakaanza kumchangia! Mke wangu matatu, shemeji manne. Kisha wote wakanitazama mimi. Nikatoa mawili, roho inaniuma. Kapoteza matano, kapata tisa, kashinda tena. Huyu mama angeibiwa nyumba angelala kwenye ghorofa.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kafua suruali yangu. Nikakuta vifungo vitano kwenye kisahani, kando ya kikombe changu, vimepangwa mstari. Tukanywa chai.

Lakini habari njema! Jioni nilirudi mapema kutoka kazini (bango la duka la viatu, herufi zote zipo). Nikasikia sauti chumbani kwa mama mkwe. Wanagombana! Mama mkwe anamwita mwanawe mwizi mkubwa. Mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Mke wangu akamwambia aongeze kidogo, na mkono uwe kiunoni. Shemeji akauliza kama atoke kabla ya kupindua kiti au baada. Nikapiga hodi. Nikaingia. Kila mtu anaangalia dari. Hakuna anayemwamini mwenzake humu ndani. Hatimaye! Leo nitalala kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 8 Machi

Miwani alifika saa kumi kamili. Akapewa kiti kizuri. Tukacheza. Yakawa yale yale! Shemeji akamchukulia dada yake magunia mawili, dada yake akamshukuru. Mama mkwe akamuuliza Miwani kama kichwa kinamuuma, maana anapiga miayo sana. Miwani akatazama saa. Akauliza kama nina mchezo mwingine.

Niseme ukweli, kitabu hiki ni changu. Nilitaka kulia. Niliona boksi lile likirudi lilikotoka, halina jina. Nikainama nikajifanya natafuta kifungo. Nilipoinuka, mke wangu alikuwa ananitazama usoni. Alinitazama kidogo. Kisha akakohoa.

Mama mkwe akasimama, mkono kiunoni. Mwizi mkubwa wewe! Akasema hajui alimzaa wa nini. Shemeji akapindua kiti, akatoka, akarudi kufuata viatu, akatoka tena. Mke wangu akapiga meza, vifungo vikaruka mpaka kabatini, akasema nyumba hii huwezi kumwamini hata aliyekuzaa. Mama mkwe akajifunika uso kwa upindo wa nguo, mwili wote unamtikisika. Alikuwa analia, maskini.

Miwani alisimama juu ya kiti aone vizuri! Akasema hajapata kuona mchezo kama huu. Mia moja! Akanitikisa mkono mpaka bega likauma. Sharti moja tu: lile neno la kadi libadilishwe, maana hata yeye lilimchanganya.

Alipoondoka tu, nikawakuta jikoni wote watatu wanagawana chungwa. Wamepatana haraka mno. Nitawachunguza.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Ushindi huu ni wangu peke yangu. Siku tatu za fitina, kidogo kidogo, mpaka ikaiva Jumamosi saa kumi na nusu. Wenyewe hawajui hata walivyotumiwa! Nimewasamehe yote. Mke wangu nilipomweleza jinsi nilivyofanikisha, alinishika shavu, akasema anajua, anajua.

Kadi nazo nimeziandika upya zote kumi. Mara ya kwanza maishani! Nimetafuta neno kali, lisilo na maana mbili, hata mlevi alielewe. Nimempelekea Miwani nyumbani kwake, mashine inawaka kesho asubuhi. MNYANG'ANYIE MWENZAKO MAGUNIA MAWILI. Nani atashindwa kuelewa hapo?

Moja iliyoharibika rangi nimemwonyesha mama mkwe. Akaisoma taratibu. Akainua macho, akaniuliza kwa upole kabisa, amnyang'anyie kutoka kwa nani.

Umri tu, maskini. Nimemchukulia ndoo yake, nikaenda bombani.