Pakiti ya Kijani kwa Kompyuta ya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Aprili

Kompyuta ya Mama mkwe haiwaki. Yaani inawaka, feni inavuma, halafu skrini inabaki nyeusi na mistari miwili ya maandishi meupe ya Kiingereza. Nimeyasoma kwa makini. Nimemwambia Mama ni salamu.

Jambo lenyewe si dogo. Ndani mna nyimbo za marehemu Baba mkwe, alizojirekodi jioni baada ya kustaafu kazi ya reli. Aliimba vibaya, kwa moyo wote. Jumapili tunatimiza mwaka tangu afariki. Ukoo mzima unakuja kula, na Mama anataka sauti yake isikike mezani. Nakala nyingine hakuna. Ndiyo maana jana nilichomeka flashi yangu pale mbele, nizinakili kimyakimya, nionekane mkwe wa maana. Kabla sijaanza nikaitwa kula, nikazima. Leo ndiyo haya. Flashi bado imo, kijitaa chake kinawaka. Angalau kuna kitu kizima.

Mama akasema tumpigie Yong-sheng. Huyo ni mume wa shemeji yangu, yuko mji wa Hsinchu kwenye kiwanda cha chipu za kompyuta, na kila Mwaka Mpya huketi karibu na Mama kuliko mimi. Nikasema hakuna haja.

Jumanne, 11 Aprili

Nimempigia Yong-sheng, lakini kijanja. Nikamuuliza, kama mtu wa kupitisha muda tu, eti mashine zao huwa hazigomi? Akasema zinagoma sana, ila kila moja wameiwekea juu pakiti ya kijani, zile bisi za nazi zenye jina la kumbembelezea mtoto atulie. Mashine inatulia. Hata mabosi wanaweka. Nikajifanya nilikuwa najua.

Akauliza, "Kaka, kuna kompyuta imekufa huko?" Nikamwambia simu inakatika, nikaikata.

Dukani za kijani zimekwisha. Nimechukua ya njano. Rangi ni rangi.

Jumatano, 12 Aprili

Rangi si rangi. Nimeiweka ya njano juu ya kasha, nikabonyeza, maandishi yaleyale. Pei-ling, mke wangu, amecheka hadi akashika ukuta. Kumbe njano inaionya mashine isite, kama taa ya barabarani. Kijani ndiyo ruhusa. Amesema mtoto yeyote hapa Chiayi analijua hilo, kisha akaniomba nimpigie mtu anayejua kompyuta. Nikamwambia anayejua ndiye huyu unayemtazama. Akanitazama kidogo, akaenda kuanika nguo.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimepata ya kijani kwenye kiduka cha nyuma ya hekalu. Nikaiweka juu. Wapi. Nikakaa nikafikiri: nani hupaka dawa ya tumbo kwenye kofia? Nikafungua kasha, nikaipachika pakiti ndani kabisa, ubavuni mwa feni.

Feni imeitafuna. Bisi zimeruka mpaka kwenye viatu.

Mama akaja kuuliza kwa nini kompyuta ya mumewe inanukia kama sherehe ya watoto. Nikasema inapashwa moto. Akaokota bisi moja kwenye waya, akaila, akasema bado kavu.

Ijumaa, 14 Aprili

Asubuhi nzima kusafisha, kwa brashi ya rangi na mashine ya kukaushia nywele ya Pei-ling. Sisimizi walikuwa wamekwisha fika. Flashi yangu bado inawaka, haijayumba. Laiti kompyuta ingejifunza kwake.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole kwamba kama haiwezekani nimwambie tu, atazoea. Nyimbo nyingi anazikumbuka. Ila ule wa daraja maneno yameanza kumpotea, na namna Baba alivyokuwa akivuta pumzi katikati ya neno.

Nilijifanya natafuta skrubu.

Jumamosi, 15 Aprili

Pakiti mpya, kijani, muda wake haujaisha, nimehakikisha. Nimeiweka juu, nikainama. Mistari miwili.

Nikaenda sokoni kuagiza bata, njiani nikitunga uongo wa kumwambia Mama. Ulikuwa mzuri, una daktari ndani yake. Sikuutumia. Niliporudi nilimsikia Baba mkwe akiimba.

Mama alikuwa anapanga madhabahu. Taa ndogo nyekundu ya mbele ya picha ya Baba haikuwa na pa kuchomeka, basi akang'oa "kile kijiti chako" kwenye kompyuta, akachomeka taa, akaiwasha kompyuta ili taa ipate umeme. Ikawaka taa, ikawaka na kompyuta. Nimemkuta ameketi sakafuni, flashi yangu kiganjani, anafuatisha ule wa daraja kwa midomo. Baba akavuta pumzi katikati ya neno.

"A-Fu," akasema, "umeiweza, mwanangu."

Nilishindwa kumkatalia. Sikujaribu sana pia.

Jumapili, 16 Aprili

Wamekuja wote. Baba ameimba tangu supu mpaka matunda, na hakuna aliyeomba sauti ipunguzwe. Mama amenipa paja la bata mbele ya Yong-sheng.

Baadaye, Mama alipokwisha kumsimulia Yong-sheng habari za taa na kijiti, akanivuta jikoni. Eti kompyuta ilikuwa inajaribu kuwakia kwenye flashi yangu badala ya diski yake, na flashi haina cha kuiwashia, ikakwama. Eti hata yale maandishi huwa yanasema hivyohivyo. Nyimbo zote ameshazinakili mara mbili, nakala moja ya akiba, nyingine nimpe Mama mimi kama zawadi. Hatamwambia mtu. "Ila Kaka, ukichomeka kitu, uchomoe."

Wivu huo. Pakiti ilivyokaa vizuri pale juu hata hakuisifu.

Jumatatu, 17 Aprili

Mama amesema, akiongea peke yake tu, kwamba jiko la umeme la wali siku hizi linachelewa kujizima. Wali wenyewe ulikuwa mzuri, nimekula mabakuli mawili. Lakini mtaalamu hangoji kitu kife. Nimelifungua.

Skrubu tatu zimezidi. Labda walizitia za akiba.

Yong-sheng amepiga simu kuuliza kama kuna usalama, sijui Pei-ling amemwambia nini. Nimemjibu usalama upo, ila akija tena aje na pakiti ya kijani, kubwa.

Mama anapika wali kwenye sufuria. Redio yake ameihamishia chumbani, chini ya mto. Nitaifikia tu.