Waraka wa Klorini ya Saa Sita

Kuanzia Jumatatu ile, saa mbili kamili asubuhi, klorini ilikoma kutiwa kienyeji. Tangazo lilibandikwa getini, likabandikwa mlangoni pa chumba cha pampu, na nakala moja ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa kwenye ngazi ya bwawa la kuogelea, ili hata mtu aliyeko majini asije akasema hakuarifiwa. Ulikuwa Waraka Namba Saba wa Idara ya Maji Yaliyotulia. Aliyeutunga ni Mkurugenzi mwenyewe, baada ya kufikiri siku mbili mfululizo bila kusumbuliwa na mtu.

Msomaji asidhani idara hii ni ya mchezo. Maji yanayotiririka yana wizara yake na kelele zake tangu zamani. Yaliyotulia ndiyo yalikuwa hayana mwenyewe, mpaka ilipoundwa idara hii, na Mkurugenzi alikuwa wa sita kukabidhiwa. Alipewa watumishi kumi na wanne, gari moja, na bwawa moja, ambalo kwa bahati njema lilikuwa nyuma ya nyumba aliyopewa kuishi, kwa hiyo aliweza kulisimamia hata akiwa amevaa kandambili.

Kilichomsukuma kuandika waraka ni jambo aliloliona kwa macho yake. Jioni moja alikuwa dirishani pa bafu, mswaki mdomoni, akamwona Fundi wa bwawa anatembea ukingoni na jerikeni, anamimina dawa taratibu, jua limeshazama, hana mtu wa kumtazama. Tena anaimba. Fundi alikuwa akifanya hivyo mwaka wa kumi na sita sasa, na wakurugenzi watano waliotangulia walikuwa wakiogelea asubuhi kwenye maji meupe pee bila kujiuliza yameng'aaje. Mkurugenzi wa sita alijiuliza. Dawa ya serikali, maji ya serikali, giza linaingia, na hakuna shahidi hata mmoja. Alitema povu, akaenda kutafuta kalamu.

Waraka ulisema klorini itatiwa saa sita mchana, mbele ya Kamati ya Kushuhudia yenye watu watatu. Ukasema kila jerikeni, kabla ya kutumika, itakaa siku tano getini, juani, ionwe na kila apitaye, kwa ajili ya uwazi. Na ukasema kwamba mtu atakayetia klorini baada ya saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo kazi za serikali hukoma, atakuwa amejitafutia mwenyewe.

Fundi aliusoma mara mbili, akavua kofia, akaenda kubisha hodi barazani.

"Bosi, hii klorini ya maji na jua haviivi chungu kimoja," alisema. "Ukiitia saa sita, jua linaila yote kabla haijaanza kazi. Ndiyo maana tunaitia jioni. Pampu inazunguka usiku kucha, asubuhi unakuta maji yamenyooka. Na jerikeni zinakaa kivulini, bosi. Zikichomwa na jua siku tano, unabaki na harufu tu."

Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole, kwani yeye si mtu wa kudharau watu wa chini.

"Jua limetajwa wapi kwenye waraka?"

"Halijatajwa."

"Basi tusiliingize."

Fundi alirudisha kofia kichwani. Aliishi palepale uani, nyuma ya chumba cha pampu, vyumba viwili na mke na mabinti wawili, na mtu anayeishi kwenye uzio wa bosi wake hujifunza kubishana mara moja tu kwa wiki.

Kamati ikaanza kazi. Kulikuwa na karani wa masjala, dereva, na Afisa Itifaki, mwanamke mnyoofu aliyebeba faili hata akienda kunywa maji. Kwa kuwa jua la saa sita ni kali, idara ilinunua mwavuli mkubwa wa kuikinga kamati. Klorini haikuwa na mwavuli. Fundi anamimina, karani anasema "nimeshuhudia," dereva anasema "nimeshuhudia," Afisa Itifaki anaandika kwamba wameshuhudia, na wote wanakwenda kula.

Wiki ya kwanza maji yalififia kidogo, na taarifa ikasema yamepata utulivu wa rangi. Wiki ya pili ngazi zilianza kuteleza, na taarifa ikasema zimelainika. Wiki ya tatu ikabidi Afisa Itifaki aandike "mwelekeo wa kijani," akapigia mstari neno mwelekeo, ili isije ikaonekana kwamba kijani kimeshafika.

Kilikuwa kimeshafika, tena kimeweka kambi. Fundi alisugua kuta kwa brashi kila asubuhi mpaka mabega yakamuuma, akasafisha chujio, akarudi akasugua tena. Mkewe alimwambia aachane nalo, si waraka ndio umetaka. Alijibu kwamba bwawa halijasoma waraka, halina kosa.

Hapo ndipo ikaja simu ya Waziri. Daktari amemwambia aogelee kwa sababu ya kiuno, kwa hiyo Jumamosi atakuja kuogelea kwa Mkurugenzi, na kwa kuwa atakuwa amekuja na muhuri, atagonga palepale barua ya kumpandisha Mkurugenzi awe Katibu Mkuu wa wizara. Mkurugenzi alishusha simu taratibu. Cheo hicho alikuwa anakitamani mwaka wa tisa. Alishawahi hata kukikalia kiti chenyewe, Katibu Mkuu aliyekuwepo akiwa likizo, dakika ishirini hivi, akakiona kinamtosha kabisa.

Mkewe, Mama wa nyumba, alikuwa anakunja nguo.

"Ataogelea wapi?"

"Bwawani."

"Kwenye lile supu la mchicha? Baba watoto, mpelekee na kijiko."

Mkurugenzi hakupenda lugha hiyo, lakini alielewa kwamba ikiwa Waziri atatoka kwenye maji yale akiwa na rangi, barua haitagongwa. Kwa hiyo alichukua hatua ambayo kiongozi yeyote makini angechukua. Alitafuta wa kulaumiwa.

Hoja yake ilikuwa safi kuliko maji. Waraka umefuatwa, na maji yameharibika. Waraka hauwezi kuharibu maji. Kwa hiyo lazima yupo mtu anayetia klorini kwa siri jioni, na huyo hawezi kuwa mwingine ila Fundi. Ijumaa asubuhi akamwita mchapaji wa ofisi, akamsomea barua ya kuondolewa kazini.

"Jina lake nani?" mchapaji akauliza, vidole juu ya mashine.

Mkurugenzi alifungua mdomo, akaufunga. Akamwita karani wa masjala. Karani akasema siku zote anamwita Fundi. Dereva akasema naye humwita Fundi, ila siku akimkopa sigara humwita kaka. Afisa Itifaki alifungua faili, akakuta pameandikwa: Fundi, mmoja. Miaka kumi na sita.

"Si ukamwulize tu, yuko hapo uani," mchapaji akasema.

"Nikamwulize jina ili nimfukuze? Atanionaje?" Mkurugenzi alikuwa mtu wa heshima zake. "Andika: mhusika."

Barua ikatoka hivi, kwamba mhusika aliyetia klorini kwenye bwawa hili baada ya saa za kazi, kinyume cha Waraka Namba Saba, ameondolewa kazini, na atahama nyumba anayokaa ndani ya uzio huu katika muda wa siku saba. Ikalazwa kwenye jalada pamoja na ile ya Katibu Mkuu, zikasubiri muhuri wa Waziri.

Ilikuwa barua nzuri, lakini haikuyafanya maji yawe meupe. Ilipofika jioni Mkurugenzi alisimama ukingoni akajitazama kwenye bwawa, akaona kijani kitupu. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita zamani. Alizunguka chumba cha pampu, akamkuta Fundi ameketi kizingitini pake, anashona kiatu cha binti yake cha shule.

"Fundi, kesho kuna mgeni."

"Nimesikia, bosi."

"Yale maji yanaweza kung'aa kufikia kesho?"

"Mbona yanaweza. Kuta nimeshazisugua, chujio safi. Kuna jerikeni mbili zimeletwa leo, nimezifunika kivulini, hazijaanza siku zake tano za uwazi. Zikitiwa sasa hivi, pampu ikazunguka mpaka asubuhi, utaona mpaka kule chini."

"Basi zitie."

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Saa za kazi zimeisha, bosi. Waraka ninao hapa, mke wangu ameubandika juu ya kabati. Nina watoto wawili, siwezi kujitafutia mwenyewe."

Mkurugenzi alitazama kushoto na kulia. Alikohoa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu aajiriwe, mtu akitaka kuitia hufanyaje.

Fundi alimweleza bila kunyanyuka. Avae glavu na miwani. Asichanganye na kitu kingine chochote, maana dawa hiyo ikichanganywa ovyo inaweza kuua. Asimame upepo ukimpiga mgongoni, amimine taratibu, chini karibu kabisa na maji, huku anazunguka bwawa zima. Pampu asiizime. Na asiingie mtu mpaka asubuhi, yeye Fundi apime kwanza, kwa kuwa kupima kunaruhusiwa kuanzia saa mbili.

Glavu Mkurugenzi alivaa. Miwani alivaa. Suti hakuvua, kwani hajawahi kuvunja waraka akiwa na nguo za nyumbani. Ilikuwa suti nyeusi ya sherehe, aliyokuwa anaijaribu kwa ajili ya kesho. Aliinama, akamimina, akazunguka bwawa zima huku anahema, na alipofika kona ya mwisho alijikuta anaimba kidogo. Matone yalimrukia kifuani, na kila lilipotua pakabaki baka jekundu ambalo hakuna dobi wa kulitoa. Lilipotua la mwisho, yalikuwa yamejipanga upande wa moyo kabisa. Mkewe alikuwa dirishani pa bafu anayatazama yote, mswaki mdomoni.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa hayaonekani. Ilionekana sakafu ya bwawa tu, vigae vyake vya buluu, na pini ya nywele iliyopotea tangu enzi za mkurugenzi wa nne. Fundi alipima saa mbili na dakika moja, akasubiri, akapima tena saa nne, akasema sasa mgeni anaweza kuingia.

Waziri aliogelea nusu saa. Alitoka amejifunga taulo, kiuno kimelegea, roho nyeupe, akaketi kwenye kiti na kuomba jalada. Akasema katika maisha yake hajaona maji ya namna ile. Akauliza ni kazi ya nani.

Fundi alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, kofia mkononi. Mkurugenzi alimwona. Na kwa ukweli wa Mungu alimfikiria, kama sekunde moja na nusu.

"Ni kazi yangu, mheshimiwa."

"Ya idara yako."

"Yangu mwenyewe, mheshimiwa. Kwa mikono hii." Akafungua koti ili mabaka yaonekane vizuri. "Jana, saa kumi na mbili na nusu jioni. Wengine walikuwa wamepumzika. Mimi nilikuwa natia klorini."

Afisa Itifaki, ambaye kazi yake ni kuandika, aliandika.

"Sijapata kusikia jambo kama hili," Waziri akasema, ameguswa. Akafungua jalada. Ya juu ilikuwa barua ya mhusika, na Waziri, tofauti na walivyomzoea, akaisoma. Akaisoma tena, polepole. Akainua macho, akamtazama Mkurugenzi, akatazama mabaka. Macho yalimlengalenga.

"Nimefanya kazi na viongozi miaka ishirini na minane," alisema. "Wote wakikosea wanatafuta wa kusingizia. Wewe umevunja waraka wako mwenyewe ili mgeni wako aogelee, kisha ukajiandikia barua mwenyewe, umejiondoa kazini mwenyewe, mpaka nyumba umejinyang'anya. Hata jina hukuweka, kwa unyenyekevu."

"Mheshimiwa, ile barua—"

"Usiseme kitu. Utaniliza." Akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga katikati ya ukurasa, ukasikika mpaka jikoni. Barua ya pili aliitazama kidogo, akaikunja, akaichomeka kwenye taulo. Katibu Mkuu hawezi kuwa mtu aliyeondolewa kazini, alieleza, lakini mfano wa Mkurugenzi utafundishwa kwenye semina zote.

Wizara ilimtuza cheti cha uwajibikaji, kikamkuta anafunga masanduku. Waraka Namba Saba, kwa kuwa mtungaji wake hakuwepo tena wa kuutetea, uliisha wenyewe. Jioni ya siku ya sita jerikeni zilirudi kivulini.

Siku ya saba lori lilipokuwa limepakiwa, na Mama wa nyumba ameshaketi mbele, Afisa Itifaki alileta fomu ya makabidhiano. Ilitakiwa isainiwe na mkazi wa siku nyingi kuliko wote ndani ya uzio. Fundi akaitwa. Alifuta mikono kwenye suruali, akaandika jina lake, majina yote matatu, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma. Mkurugenzi alichungulia begani akalisoma kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jina zuri sana.

Fundi alishuka na kalamu mpaka mstari wa pili, wa anayehama, akasita.

"Samahani, mzee," alisema. "Hapa kwenye barua wameandika mhusika tu. Na sisi huku uani tulikuwa tunakuita bosi wa sita." Akasubiri, kalamu juu ya karatasi. "Jina lako hasa ni nani?"