Maganda ya Vitunguu kwa Kichwa cha Dunstan

Jumatatu, 2 Machi 1998. Kwamndolwa.
Dunstan karudi kutoka hospitali. Robota la mitumba lilimwangukia kichwani kutoka juu ya basi, pale Mkata. Soko huria hilo! Daktari kasema ubongo umetikisika, apumzike. Anakula, anatania. Nikamwamkia kwa Kibena. Akanitazama kama nimemkoholea. Akasema, bwana Gregori, sema lugha ya watu. Kibena chote kimemtoka kichwani!
Tuliletwa Korogwe pamoja kukata mkonge, tukiwa vijana. Wabena wengine wamekufa au wamerudi kwao. Kibena changu sasa nizungumze na nani? Mbuzi?

Jumatano, 4 Machi.
Nimepata! Jarida la zamani la sayansi. Flavonoidi: viini vilivyomo katika rangi za mimea. Panya waliogongwa kichwani wakapewa, ubongo haukuvimba sana. Maganda ya vitunguu yanazo tele. Kwa binadamu bado hazijathibitishwa. Lazima mtu aanze.
Sokoni nimeokota gunia zima. Muuzaji kasema, babu, siku moja nunua na vitunguu vyenyewe.

Ijumaa, 6 Machi.
Hilaria, mke wa Dunstan, ni Mshambaa. Mumewe anaomba ugali kwa Kiswahili, kwake yatosha. Nilipomweleza habari za panya aliuliza mumewe ameota mkia lini. Nikambembeleza. Akapokea birika la maganda niliyochemsha, akaahidi kumnywesha kila siku. Mwanamke mwelewa!

Jumapili, 8 Machi.
Hakuna badiliko. Nimezidisha maganda. Nikamsimulia ukungu wa kwetu, mianzi na pombe yake, ulanzi. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.
Njiani nilitafuta neno la Kibena la umande. Halikuja. Na mimi sijaangukiwa na kitu.

Alhamisi, 12 Machi.
Ushindi! Nilijikwaa nyumbani kwa Dunstan, nikammwagia birika zima la dawa miguuni. La moto! Akaruka, akanitukana kwa Kibena safi, matusi ya machungani, mpaka babu zangu wakapata sehemu yao. Nililia. Akadhani nalizwa na matusi, akapunguza.
Hilaria akacheka, akakiri hajamnywesha hata tone. Dawa yote alitilia ukindu rangi. Kweli, mkeka unang'aa kama dhahabu. Akasema kichwa kimepona chenyewe, kwa kupumzika, kama daktari alivyosema.
Maskini, hajasoma. Ni dhahiri flavonoidi zimepita kwenye nyayo! Jarida halikuwaza hilo.
Nikiaga, Dunstan aliuliza kwa Kibena kama nitarudi kesho. Nikamjibu ndiyo, na karai la kuloweka miguu.