Mfupa Hujijenga Ukibebeshwa

Jumatatu, 3 Juni
Kikundi chetu cha matembezi kinakwenda milimani siku nne. Nafasi imebaki moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye anasambaza barua kwa miguu kutwa. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nimekaa. Kiongozi, muuguzi mstaafu, amesema atamchukua atakayepanda kilima na mkoba bila kuchechemea. Akasema pia mfupa huimarika ukibebeshwa mzigo. Ajabu! Nilidhani ni kitu kikavu tu. Kumbe uko hai, unajijenga. Mengine sikuyasikia, nilishaanza kupiga hesabu.

Jumatano, 5 Juni
Nimegonga muundi wangu, mfupa wa mbele ya mguu, kwa kijiko, nikasikiliza. Sauti nyembamba. Nimemwomba mke wangu nigonge wake tulinganishe. Amesema nikimgusa na kijiko hicho nitalala dukani.

Jumamosi, 8 Juni
Mkobani nimetia pasi mbili za chuma na kichwa cha cherehani mbovu. Nimepanda na kushuka ngazi za jengo mpaka jioni. Shemeji amenikuta, akauliza kama nahama. Nimemjibu napeleka cherehani kwa fundi. Akanikumbusha fundi ni mimi. Yeye anaongeza uzito kidogo kidogo na siku nyingine anapumzika. Nimemwonea huruma.

Alhamisi, 13 Juni
Maumivu juu ya mguu wa kulia, mahali padogo pa kufunikwa na kidole. Nikibonyeza naona nyota. Bila shaka ndipo mfupa unapojijenga. Nimeongeza tofali.

Jumamosi, 15 Juni
Kilimani. Shemeji alipanda akipiga mluzi. Mimi nilikaa kwenye jiwe la kwanza, nikashindwa kusimama. Hospitalini picha ya mfupa imeonyesha ufa, mwembamba kama uzi. Muuguzi amesema mzigo huuchosha mfupa, nao hujijenga ukipumzika. Kumbe aliyasema hayo tangu siku ile. Nafasi amepewa shemeji. Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani, wala hakuchechemea. Nililia, na si kwa ajili ya mguu.

Jumapili, 16 Juni
Nimefungwa plasta ngumu. Nimeambiwa nipumzike. Nimepumzika asubuhi yote, nikawaza. Mguu wa kushoto sasa unabeba mwili mzima, peke yake! Huo lazima utaimarika maradufu. Mke wangu ametoka. Nitapanda ngazi kwa kuruka, mpaka ghorofa ya juu. Habari za kidogo kidogo ni za mguu mgonjwa. Huu ni mzima.