Utando Wangu Usioishiwa Dawa

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi moja, watu wawili: mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Mkuu wa maabara kasema utando wa jeli utakaoachia antibayotiki kidogokidogo hadi Ijumaa ndio utakaobaki, pamoja na aliyeutengeneza. Mwingine afungashe virago. Vipande vyetu vya jeli vimeshatumbukizwa majini. Kila asubuhi maji yatabadilishwa na dawa iliyovuja itapimwa. Mke wangu nimemwambia kazi nimeshapata. Naye kampigia mama yake. Sasa ukoo mzima unanipongeza.

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Utando wangu umevuja mara mbili ya ule wa Miwani. Kwa mwendo huu kesho utakuwa mtupu. Miwani akanifariji, eti siku ya kwanza hutoka ile dawa iliyoshika juujuu tu, baadaye jeli hutulia. Mnafiki. Anataka nibweteke.
Wenzangu walipotoka kula nikakichomoa kipande changu, nikakiloweka kwenye chupa ya dawa, nikakirudisha. Nani atajua?

Jumatano, 6 Machi
Dawa tele. Raha iliyoje. Nimekiloweka tena, na kesho nitarudia. Mama mkwe kapiga simu, anataka nimtafutie shemeji kazi hapohapo. Nikamwambia hilo dogo.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu akajumlisha dawa yote iliyovuja. Akajumlisha tena. Akaniuliza kwa upole utando wangu umewezaje kutoa dawa nyingi kuliko iliyotiwa. Nikasema labda imezaliana. Hakucheka mtu.
Kumbe alikuwa na kipande changu kingine, cha akiba, akikipima mwenyewe ofisini kwake. Hicho sikukigusa. Siku ya kwanza kilivuja sana, kisha kikatulia, kikaachia dawa vizuri kuliko cha Miwani. Akasema kazi ilikuwa yangu, ila sasa hawezi kuniamini hata kumwagilia maua. Inaniuma. Inaniuma mno.
Miwani akanibebea boksi la vitu vyangu hadi getini, akanipa pole. Nilitamani kumng'ata.
Nyumbani nikamkuta mama mkwe sebuleni. Pembeni yake shemeji, kavaa tai, bahasha ya vyeti mapajani.

Jumamosi, 9 Machi
Sijalala. Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona: nilipaswa kukiloweka na kile cha akiba.
Shemeji nimemwambia anaanza Jumatatu.